Bakuli la Mithika Lilipogeuka Jeusi

Pembe ilipolia asubuhi, mama zetu walitoka na majembe wakapanga foleni langoni. Siku hizo za Hali ya Hatari hatukukaa tena kwenye mashamba yetu. Tulikuwa tumehamishwa sote, tukawekwa katika kijiji kimoja karibu na Githongo, nyumba zimebanana kama punje za mahindi. Mama zetu ndio waliochimba handaki la kukizunguka. Walianza saa mbili, wakamaliza saa kumi, kisha wakapewa saa moja tu ya kukimbilia shambani kutafuta chakula.

Alhamisi ilikuwa afadhali kidogo, kwa sababu ndiyo siku Mwanamisi alikuja. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, wa Majengo kule Meru mjini, na kazi yake ilikuwa kuivisha ndizi. Alinunua mikungu mibichi, akaizika kwenye shimo nyuma ya nyumba yake pamoja na majani makavu ya mgomba na moshi kidogo. Siku ya nne aliifukua ikiwa ya manjano, inanukia mpaka barabarani. Kipande chake, ile karatasi ya ruhusa, kilimruhusu kuingia kijijini asubuhi na kutoka saa kumi na moja.

"Lete ushuru wa lango," Ndambiri alimwambia. Ndambiri alikuwa homgadi, mlinzi wa serikali pale langoni, kijana mrefu mwenye bunduki na njaa isiyoisha.

"Ushuru gani, mwanangu? Serikali yenyewe haiujui."

"Tumbo langu linaujua."

Mama zetu wakacheka kimyakimya. Ndambiri akachomoa ndizi tatu kwenye kikapu, akazitia ndani ya koti. Ilikatazwa kabisa homgadi kuchukua vitu vya watu, lakini nani angemshtaki?

Mama yangu, Celina, alikuwa na kibakuli cha njahi, yale maharage meusi. Akakibadilisha haraka na ndizi sita mbivu, akanipa. Mimi nilikuwa nimembeba ndugu yangu Mithika mgongoni. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Hakukuwa na shule siku hiyo kwa sababu mwalimu wetu aliitwa kuhojiwa, kwa hivyo nilibaki kumlea.

"Hizi ni za Mithika," mama alisema. "Mbili saa nne, mbili saa sita, mbili saa nane. Unaponda vizuri kwa mwiko. Wewe kula viazi vya jana. Umesikia, Karimi?"

"Ndiyo, mama," nilijibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Ndivyo nilivyokuwa. Shuleni nilijua majibu mengi, lakini mwalimu akiniuliza, nililiambia dawati.

Ndizi mbichi tulikuwa nazo tele. Wiki hiyo hedimani, mkuu wa kijiji, alikuwa ameamuru migomba yote ya kando ya barabara ikatwe, eti watu wa msituni waliopigana na serikali wasipate pa kujificha. Mama alilia akiikata. Mikungu ilikuwa bado michanga, lakini tuliibeba hivyo hivyo, na mmoja ulining'inia pale kwenye nguzo ya nyumba. Lakini mbichi hupikwa, na kuwasha moto mchana kulikatazwa. Mwezi uliopita nyumba saba ziliungua kwa sababu ya mtoto mmoja na jiko moja. Moto uliwashwa tu mama zetu wakiwa ndani.

Saa tatu tu, Makandi alikuja. Makandi alikuwa jirani na rafiki yangu. Mdomo wake haukujua kufungwa, kama vile wangu haukujua kufunguka.

"Naona manjano," alisema, akinyoosha shingo juu ya kikapu. "Hizo ni za nani?"

"Za Mithika."

"Zote sita? Huyu mwenye meno manne?"

"Mama amesema."

"Mama yako yuko handakini. Tukate moja, wewe nusu, mimi nusu. Mithika hajui kuhesabu."

Viazi vya jana nilikuwa nimevimaliza kabla pembe haijalia. Nikamenya moja. Sijui nikuambieje. Ilikuwa laini, tamu, inateleza yenyewe. Nusu hiyo ilipoisha, tumbo langu liliamka kabisa, likaanza kudai haki yake. Tukala ya pili. Tukasema ya tatu ndiyo ya mwisho, kisha ya nne, kisha ya tano. Halafu Makandi akasema tano si namba nzuri, ni afadhali ziishe zote tujue moja. Tulicheka mpaka Mithika naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Kisha akaanza kulia njaa.

Nilimtazama Makandi. Nilitazama maganda sita sakafuni.

"Acha kuogopa," Makandi alisema. "Si hizo hapo kwenye nguzo?"

"Ni mbichi."

"Ndizi ni ndizi. Ponda sana, tia maji ya muwa, atakula tu. Ndizi mbivu ilikuwa mbichi wiki iliyopita, ama si hivyo?"

Nilizimenya nne kwa kisu. Utomvu ulininasa vidoleni. Nilizitwanga kwenye kinu mpaka jasho likanitoka, na bado zilibaki na chembechembe nyeupe, ngumu. Makandi alitafuna muwa akakamua maji yake ndani ya bakuli. Mithika alikunja uso kijiko cha kwanza. Cha pili akaonja utamu wa muwa, akafungua mdomo. Alikuwa na njaa, maskini. Alikula zaidi ya nusu ya bakuli.

Maganda ya ndizi mbivu tuliyazika nyuma ya nyumba.

Saa nane hivi nilisikia Mithika akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Haikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Alikunja magoti mpaka kifuani, akapiga ukelele. Niligusa tumbo lake. Lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Nilimbeba, akakataa. Nilimlaza, akakataa. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yake yalinitazama kama ananiuliza mimi.

Makandi alikimbia handakini kuita mama. Mama alikuja mbio akiwa na udongo mpaka magotini, na nusu ya mama wa kijiji nyuma yake. Homgadi hawakuweza kuwazuia.

"Umempa nini?" mama alinishika mabega. "Karimi! Umempa nini?"

"Ndizi."

"Zile za Mwanamisi?"

Nilitaka kusema hapana. Kichwa changu kikafanya kazi peke yake. Kikaitikia.

Ndiyo.

Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. "Sumu!" mama mmoja alisema, na neno likaruka kutoka nyumba hadi nyumba. Waliokuwa wamewanunulia watoto wao ndizi walikimbia kuzitupa chooni. Mwanamisi aliletwa akisukumwa, kitambaa kimemtoka kichwani, homgadi wawili wamemshika mikono. Mtu alipiga kikapu chake teke. Ndizi zake zilimwagika matopeni zikakanyagwa.

"Huyu ametumwa na watu wa msituni atumalizie watoto," hedimani alisema. Mama wengine nyuma walinong'ona kwamba ametumwa na askari. Hakuna aliyejua ametumwa na nani, lakini wote walijua ametumwa.

"Wallahi sijatumwa!" Mwanamisi alilia. "Nimeuza hapa mwaka mzima. Ndambiri, sema! Wewe si umekula zangu asubuhi? Umekufa?"

Watu wakamgeukia Ndambiri. Alitazama juu, kama anahesabu mawingu.

"Mimi?" alisema. "Mimi sili vitu vya raia."

Hedimani alitoa mkono. Mwanamisi akampa kipande chake. Lori la kupeleka watu kwenye kambi ya mahojiano lilikuwa limesimama nje ya lango, na dereva alikwisha washa injini.

Hapo ndipo Mutembei alipofika. Alikuwa dresa wa zahanati ya misheni, na kila siku alikuja na baiskeli kufunga mikono ya mama waliojikata handakini. Hakupayuka kama wengine. Alipiga magoti, akagonga tumbo la Mithika kwa vidole viwili, likalia *tum, tum*. Akamgeuza kifudifudi juu ya mapaja yake, akaanza kumsugua mgongo taratibu.

"Nileteeni alichokula," alisema.

Mama akaleta bakuli. Mutembei akachota kidogo, akakisaga kati ya vidole, akanusa. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Akadondosha tone moja ndani ya bakuli.

Nilikuwa nimesimama karibu, niliona kwa macho yangu. Tone liliingia likiwa la kahawia. Likageuka bluu. Likakolea, likakolea, mpaka likawa jeusi kabisa, kama wino wa mwalimu.

Watu wote walirudi nyuma pamoja. Mama yangu alipiga nduru na kuketi chini. Nilidhani kweli nimemwua, kwamba ndani ya ndizi ile mbichi mlikuwa na kitu cheusi na mimi ndiye niliyekitwanga.

"Uuui!" Ilikuwa sauti ya Ndambiri. Alitupa bunduki, akajishika tumbo, akaanguka magotini. "Nimekula tatu! Mama yangu, nimekula tatu! Daktari, niangalie mimi kwanza!"

"Si ulisema huli vitu vya raia?" hedimani alifoka.

"Nilidanganya! Afadhali nifungwe nikiwa hai!"

"Nyamazeni!" Mutembei alipaza sauti. "Hakuna sumu hapa. Weusi huu ni wanga, ni unga tu. Lakini sikilizeni. Ndizi mbivu haigeuki nyeusi hivi. Alichokula huyu mtoto ni ndizi mbichi, tena haijaona moto. Nani amempa?"

"Ndizi tulizonunua ni za huyu," mama alisema.

"Basi ni huyu," hedimani alisema. "Mbichi, mbivu, mimi nimeona nyeusi. Mpandisheni lorini."

Walimvuta Mwanamisi. Alijikaza, akageuza kichwa, akanitafuta kati ya watu mpaka macho yetu yakakutana.

"Mwanangu Karimi," alisema. "Wewe ndiye uliyemlisha. Ulimpa zangu?"

Watu wote wakanitazama. Kitu nilichokiogopa kuliko vyote duniani ni hicho. Makandi, aliyekuwa nyuma yangu, akanifinya kiunoni na kunong'ona, "Nyamaza, watasahau."

Lakini mimi nilijua hawasahau. Mwaka uliotangulia askari walituketisha wanakijiji wote uwanjani, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapita akitutazama. Alipofika mbele ya baba yangu, hakusema lolote. Aliitikia kwa kichwa tu. Baba akapandishwa lori, na mpaka leo hii ninayosimulia hatujamwona. Nilikuwa nimemchukia mtu yule wa gunia kila siku. Nami saa ile ile ya nane, mbele ya mama, nilikuwa nimefanya nini? Niliitikia kwa kichwa.

"Sikumpa zako," nilisema.

"Sema tusikie!" hedimani alinguruma.

"Sikumpa zake!" Sauti ilitoka kubwa mpaka ikanishtua. "Zake nilikula mimi! Mimi nilikula zote. Mithika nilimpa mbichi, zile za kwenye nguzo, nikatia maji ya muwa. Maganda tumeyazika nyuma ya nyumba. Angalieni mikono yangu!"

Nikainyoosha. Utomvu wa ndizi mbichi haufichiki. Vidole vyote vilikuwa na madoa ya hudhurungi.

Mama akainuka, akanishika vidole, akavinusa.

"Mbichi?" mama alisema polepole. "Umemtwangia mtoto wangu ndizi mbichi? Karimi, hata mimi mwenye meno siwezi kuila." Hakunipiga. Alinitazama tu kama mtu asiyenifahamu, na ningependa sana kama angenipiga.

"Watoto hudanganya kuokoa watu," hedimani alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

"Basi tupime," Mutembei akajibu. Alimkabidhi mama Mithika, akamwonyesha jinsi ya kuendelea kumsugua. Akaokota ndizi moja ya Mwanamisi kutoka matopeni, akaimenya, akadondosha tone. Tulisogea wote. Tone lilibaki la kahawia, likatambaa kidogo, basi. Akakata ndizi mbichi kutoka kwenye nguzo yetu. Tone likawa jeusi. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye mabaki ya chakula cha mchana. Mama mmoja akatoa kipande cha ndizi ya kuchemshwa alichokuwa amekifunga kwenye jani. Tone likawa jeusi pia.

"Kumbe tunakula sumu kila siku!" mama yule akapiga kelele.

"Si sumu, mama," Mutembei akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ndizi mbichi ni ghala la wanga, na ayodini ikikutana na wanga huwa nyeusi. Punje za wanga mbichi zimefungamana, ngumu kama njahi ambayo haijaiva. Tumbo la mtoto linazigonga, hazifunguki. Zinashuka nzima mpaka utumbo wa chini, na huko zinachacha na kutoa hewa nyingi. Hewa hiyo ndiyo imejaa humu. Ukiichemsha ndizi, moto unazifungua zile punje, tumbo linaziweza. Ukiiacha iive, ndizi yenyewe inageuza ule wanga kuwa sukari. Ndiyo sababu mbivu ni tamu, ni laini, na tone langu halikupata kitu cha kutia weusi. Huyu mama wa Majengo, pale shimoni kwake, anafanya nusu ya kazi ya tumbo la mtoto kabla mtoto hajafungua mdomo."

Kabla mtu hajajibu, Mithika alijamba.

Si kidogo. Homgadi mmoja aligeuka akashika bunduki. Mithika akajamba tena, ndefu, ikapanda na kushuka kama pembe ya asubuhi, na uso wake ukakunjuka. Akatutazama sote kwa mshangao, kama anauliza ni nani amefanya hivyo. Mama yangu akacheka huku machozi yanamtiririka. Kicheko kikaenda kwa watu wote, hata Ndambiri pale chini, ambaye alikuwa bado anajipapasa tumbo akisubiri kufa.

"Inuka," hedimani alimwambia. "Na kesho chukua jembe. Utachimba handaki na hao mama mpaka ujue vitu vya raia ni nini." Kisha akamrudishia Mwanamisi kipande chake. Hakusema pole. Aliondoka kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Mutembei alimpa mama maagizo: maji moto kidogo kidogo, na kesho uji mwepesi. "Mtoto atapona," alisema. "Lakini nyote msikie. Tumbo dogo halina jino. Kazi ya jino inafanywa na moto, au inafanywa na siku za kungoja. Msiruke zote mbili."

Watu walipotawanyika, niliingia matopeni nikaanza kuokota ndizi za Mwanamisi. Nyingi zilikuwa zimesagika. Makandi alisimama mbali kidogo, anakuna mguu mmoja kwa mwingine, mwisho akaja akaokota nami. Siku hiyo nzima ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa la kusema.

Nilimpelekea Mwanamisi kikapu, robo tu imejaa. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti chetu, anafunga kitambaa chake upya. Nilijaribu kuomba msamaha. Maneno yalitoka yamekatikakatika, lakini yalitoka.

Alimaliza kufunga fundo, akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona uchovu.

"Umeniogopesha leo, mwanangu," alisema. "Lori lilikuwa limekwisha washwa. Ungenyamaza mpaka kesho, ungenitafuta wapi?"

Niliweka kikapu miguuni pake.

"Mimi kazi yangu ni kungoja," akaendelea. "Ndizi ukiifukua siku ya pili, umeiharibu. Lazima ungoje siku ya nne, ndipo iwe na faida kwa mtu. Lakini ukweli si ndizi. Usiuzike shimoni ukasema nitaufukua ukiwa umeiva. Utaukuta umemwua mtu. Ukweli utoe mbichi, siku ile ile, hata kama utakuuma tumbo."

Akasimama, akajitwisha kikapu chake chepesi, akaenda langoni kabla ya saa kumi na moja.